Dirisha la Tatu, Masasi

Msimu wa korosho wao ndio walikata kwanza,
kabla ya deni la salfa, kabla ya sare za watoto.
Hatukuhoji. Kadi tuliifunga kwenye nailoni
isilowe.

Leo figo za Somoe zimegoma,
na kijana wa dirishani hainui macho:
"Mama, huduma hii haimo kwenye kifurushi."

Kifurushi!
Mwaka wa sita tunakijaza,
hatujawahi kuonyeshwa kilichomo.

Nyuma yangu foleni ikaanza kunguruma.
Chitanda wa Lukuledi akaivunja kadi yake vipande viwili,
akavipanga kaunta kama mtu anayelipa:
"Chukua. Chenji mpe Somoe,
akasafishie damu."

Hapo kijana akainua macho.
Mtandao, akasema, umekatika.