Kinyozi Hajinyoi

Miaka ishirini na miwili nimesimama nyuma ya vichwa.
Navijua vichwa vya Kibokoni kuliko nyuso zake:
mwenye kovu la jiwe la utotoni,
mwenye kisogo bapa,
mwenye utosi ulioanza kung'aa na hataki kuambiwa.

Alhamisi jioni, benchi likijaa watu wanaojitengenezea Ijumaa,
akina baba huniletea wana wao, wamewashika shingo.
"Msellem, hebu nitolee hii takataka kitwani."
Nami huitoa. Mashine haina maswali.
Nimeona machozi yakiteremka hadi kwenye shuka,
yakigandisha vinyweleo shavuni.
Nimeyapangusa kwa poda, nikasema, "Haya, sasa mwanamume,"
nikapokea shilingi mia kutoka kwa baba.

Leo zamu ni yangu.
Ghalib, kifunguamimba wangu, miaka kumi na sita,
amerudishwa nyumbani na barua ya shule:
nywele zimepita kipimo, na mbele, juu ya paji,
pana kishungi kilichopauka
rangi ya kachiri.

Dawa aliinunua Marikiti kwa pesa za daftari.
Alijipaka chooni, akaunguza na ncha ya sikio.
Mishi, mamake, alipoliona hilo sikio
alilipaka mafuta ya nazi kwanza,
ndipo akamzaba kofi.
Mimi nilianza na maneno.
Nilisema mpaka chai ikafanya utando.
"Watu watasemaje? Kinyozi mzima, mwanawe kama ufagio wa choo!"
Na hapo, katikati ya neno, nikajisikia:
nililoliogopea ni duka.

Wa barazani walinirushia methali nikipita.
*Kinyozi hajinyoi.*
Wakacheka, wakaagiza kahawa nyingine.

Nimefunga mlango, nimegeuza kibao.
Ameketi bila kuambiwa.
Miguu yake (tangu lini?) inafika chini.
Kiti hiki nilikuwa nikikiwekea ubao
ili kichwa chake kipande mpaka kwenye kioo.
Namfunga shuka. Nawasha mashine.
Anafumba macho kama mtu anayengoja sindano.

"Baba," asema, macho bado kayafumba,
"wateja wakikaa hapa, huwauliza nini?"

Mashine inalia mkononi mwangu kama nyuki aliyenaswa.
Wote huwauliza. Hata mlevi wa jana.
Hata yule ambaye hajanilipa tangu Ramadhani.
*Nikunyoe vipi?*
Kichwa hiki nilikinyoa siku ya saba,
nywele tukazipima kwa fedha, tukatoa sadaka.
Siku ile hakuwa hata na shingo ya kukazia.
Tangu hapo nimekinyoa, nimekinyoa,
na swali lile sijampa.

Nazima.
"Haya. Nikunyoe vipi?"

Jicho moja lafunguka, lanichungua kiooni, 
kisha la pili.
Mkono watoka chini ya shuka:
"Pembeni, chini kabisa. Nyuma pia. Wasinirudishe.
Lakini hapa..."
Kidole chasita juu ya kachiri.
"Shule haitakubali," namwambia.
"Najua. Nipe mkasi."

Nampa kwa upande wa vishikio,
kama alivyonifunza aliyenifunza.
Anakata vibaya. Anakata kwa pozi la mtu asiyejali,
na mdomo wa chini unamtetemeka.
Vinyweleo vinamwangukia mapajani.
Kilichobaki ni kama upana wa ukucha, 
dhahabu mbovu mbovu, kombokombo.
Ningeweza kukisawazisha kwa pigo moja.
Nachukua brashi, nampangusa shingo.

Nyumbani Mishi atamtazama, atanitazama,
kisha ataniuliza kama mashine imeharibika.

Na Alhamisi Bwana Shekue ataingia na kijana wake,
kamshika shingo.
Sijui nitamuuliza nani.
Shilingi mia ni shilingi mia.
Lakini kioo changu ni kikubwa,
na yule mtoto huniangalia.