Hii Si Yangu

Baba alikuwa mpiga baruti mgodini, Ruashi.
Kila mtikisiko wa nyumba yetu ulikuwa wake.
Vikombe vikigongana kabatini saa tisa alasiri,
mama husema, "Baba yenu huyo,"
na kuendelea kusonga bukari.
Tulimjua kwa mtetemo
kama wengine wanavyowajua baba zao kwa kikohozi.

Usiku ule alikuwa kitandani.
Nyayo zake zilitokeza nje ya blanketi,
nyekundu, udongo usiosikia sabuni.
Alianza mbwa wa Mama Feza. Kisha mbwa akanyamaza.
Kisha kitu kikapita chini ya sakafu
taratibu, kama mtu mzima anayejigeuza
bila kuamka.

Ufa ukapanda kutoka pembe ya dirisha
hadi kwenye picha ya harusi,
ukasimama hapo
kama mgeni aliyesahau kupiga hodi.

Baba akashuka, akaweka kiganja sakafuni
jinsi mama anavyopima homa.
Midomo yake ilihesabu. Baruti haivuki tatu.
Alifika kumi na tisa.
"Hii si yangu," akasema.

Asubuhi avenyu nzima ilikuja na vigae vya sahani.
Kitobo alibeba nusu ya birika, mdomo wake bado mzima.
"Mwansa, kampuni italipa lini?"
"Nilikuwa nimelala!"
Wakacheka hadi wakashikana mabega.
Nani asiyejua? Kwetu ardhi haitetemeki
mpaka mtu alipwe mshahara.

Mchana redio ikasema: tetemeko,
mbali, kaskazini, upande wa maziwa.
"Redio nayo," akasema Kitobo, "ni ya kampuni."
Akaiacha nusu birika mlangoni petu,
kama mtu anayeacha hati ya deni.

Usipoziba ufa, wanasema. Baba hakuuziba.
Mama alileta saruji kwenye kopo la maziwa,
ikagandia humo humo.
Nadhani alitaka kitu kimoja nyumbani
kilichovunjika bila mkono wake.

Jumatatu alirudi kazini.
Saa tisa, vikombe.
Mama hakusema ni nani.
Alisimama, mwiko juu, bukari ikitokota,
macho kwenye ule ufa:
moja,
mbili,
tatu.

Ndipo akashusha mwiko.