Mgeni Ndani ya Tangi

Saa tisa usiku, Lewiston, Januari.
Tanuru likakohoa mara mbili, likanyamaza,
na nyumba nzima ikategea sikio.

Nikashuka chini, tochi mdomoni,
spana nimeifunga kiunoni kwa kanga.
Kitufe chekundu kikanikonyeza.
Nikabonya mara moja. Likavuma, likafa.
Sikurudia.
Mzee Thibodeau, aliyetuuzia nyumba, alinionya:
ubonyapo ovyo, mafuta hujaa tumboni pasipo moto,
na siku moto ukija, utakuja kudai yote.

Basi nikaliuliza kama mganga wa zahanati.
Umekula nini?
Bayodizeli, nusu kwa nusu, tangu Jumatatu.
Shemeji Kasongo ndiye aliyeileta,
imechujwa kutoka makarai ya viazi vya kukaanga,
rangi ya chai kavu, bei ya kuchekesha.
Unaumwa wapi?

Nikafungua kichujio.
Lahaula! Cheusi, kizito, kama masimbi ya kahawa.
Wala si uchafu wa mgeni. Ni wa mwenyeji:
tope la miaka arobaini, limelala chini ya tangi
hadi likajidhani sakafu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
na mgeni kaja na ufagio wake,
kakwangua kila kona,
takataka zote kazirundika mlangoni.

Nikaweka kichujio kipya. Nikalegeza skrubu ya pampu,
povu likapiga chafya ndani ya kopo la maziwa:
hewa, hewa, mafuta, hewa,
kisha mafuta matupu.
Nikabonya. Likawaka!
Dakika nne. Nimeshashukuru, nimeshapanda ngazi,
likazima.

Nikakaa kwenye ngazi ya tatu nikitazama pumzi yangu.

Ndipo nikaiona chupa ya mama,
mafuta ya nazi, dirishani Lushoto, mwezi wa saba:
meupe, kaidi,
ukiipindua chupa hayakujali.
Aliichovya katika maji moto kabla ya kutusuka.

Tangi letu liko nje.
Bomba lake limeambaa ukutani, uchi, chini ya theluji.

Birika tatu. Taulo mbili. Kikausha nywele
na waya mrefu uliopita dirishani.
Mwamini, miaka tisa, koti juu ya nguo za kulalia,
akashika tochi, akauliza kama bomba nalo husikia baridi.
Nikasema hili letu, ndiyo.

Saa kumi na mbili kasoro, kwenye kidirisha cha kioo,
moto ukasimama, wa manjano, umetulia,
na redio za chuma vyumbani zikaanza kugonga
moja baada ya moja.

Nikaandika ukutani kwa chaki:
robo, si nusu.
Vichujio vitatu vya akiba.
Mafuta ya taa yachanganywe kabla ya theluji.
Bomba livishwe nguo.

Saa moja simu ikalia. Kasongo:
Shemeji, nimepata pipa jingine, nilete?
Nikatazama vidole vyangu, harufu ya chipsi.
Lete, nikamwambia.
Lete mwezi wa tano.