Matundu Kumi na Tisa

Mbabula yangu ya tatu niliinunua kwa Numbi,
Katuba, nyuma ya bomba la maji,
pale wanapogonga bati tangu alfajiri
hadi masikio yanazoea, kama yanavyozoea mvua.
Ilipendeza kuitazama: mdomo wa duara, mkono wa nondo,
rangi ya fedha iliyopakwa kwa kitambaa.

Usiku wa kwanza ikanionyesha tabia yake.
Matundu ya chini mapana; kila nikisonga bukari
kaa linadondoka sakafuni, jekundu,
kama jino la mtoto.
Nondo ikaniunguza kiganja.
Na ile miguu mifupi! Uani kwangu Desemba ni tope tupu.
Ikazama hadi tumboni, ikalia shiii, ikazimika,
sombe bado mbichi, wageni wamekwisha kunawa.

Nani alisikia?
Mama Kyungu alisikia, bombani.
Shemeji zangu walisikia, kwenye matanga kule Ruashi.
Tulicheka hadi tukafutana machozi:
"Ukinunua kwa Numbi, nunua na ndoo ya maji."
Mtaa mzima ulijua kasoro ya mbabula ya Numbi
isipokuwa Numbi.

Nilipowaza hilo usingizi ukanipaa.
Mtu anagonga kutwa, vidole vimechubuka,
lakini hajawahi kusonga bukari ya watu tisa.
Yeye anajua bati. Mimi najua moto.
Barabara iliyo kati yetu ni hatua ishirini.

Jumamosi nikaivuka, mbabula kichwani.
Akaniona, akakunja uso:
"Hela hairudi, mama."
"Sikufuata hela. Lete chaki."

Nikachuchumaa nikamchorea matundu yangu,
upana wa kidole cha mwisho, kumi na tisa,
si yale yake kumi na mawili yanayokodoa kama bundi.
Mguu uongezwe nusu shubiri.
Nondo ivikwe mti, hata wa mpini wa jembe uliovunjika.
Mwape, kijana wake, akaacha kugonga.
Numbi akayahesabu matundu kwa ncha ya msumari,
akayahesabu tena, kisha akasema:
"Miaka kumi na moja. Waliacha kuja mmoja mmoja.
Nilidhani ni bei."

Hapo ndipo aibu ikanishika,
mimi niliyecheka matangani.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka.
Mwezi wa pili mbabula mpya zikapangwa barabarani,
matundu kumi na tisa,
na bei imepanda franga elfu tatu.
Elfu tatu! Kwa matundu yangu!
Nikavuka tena, safari hii mikono mitupu.
"Na hili ulijue pia, Numbi:
anayenunua makala kwa kopo, bei hii atairudia mafiga."
Akajikuna kidevu kwa koleo. Hakuahidi kitu.
Imeshuka elfu moja. Elfu mbili bado tunazozana.

Wewe je? Kiatu kilikubana,
unga ulikuta mchanga,
mshonaji alikukosea bega la kushoto,
ukamweleza nani? Jirani? Ukuta?
Ukimnunia fundi hujamwadhibu;
umemwacha gizani, na kesho utanunua humo humo gizani.
Nenda umwambie. Ngumi iache nyumbani, chukua chaki.
Na wewe unayeuza, ninapofika mlangoni
usiangalie tu kama mkono wangu umeshika noti.
Uufungue. Lile kovu kiganjani
ni wewe uliyeliandika, ukaondoka bila kulisoma.

Jana jioni Mwape amekuja mbio, masizi hadi puani.
"Mama, baba anauliza:
kifuniko, wewe ungekitoboa wapi?"
Nilikuwa katikati ya kusonga.
Nikamwambia akae kwenye kigoda,
bukari iive kwanza.