Chini ya Chokaa

Nilipewa kazi ya kubandua plasta,
siku kumi, chakula juu yangu.
Hekalu la Mabaniani, hapa Lindi,
limefungwa tangu mwenye ufunguo
ahamie Dar na figo zake.
Popo wamebaki kulilinda.

Siku ya pili patasi ikagonga mahali
ukuta ukajibu kwa sauti nyingine.
Nikapuliza vumbi. Herufi.
Zimejikunja kama jongoo aliyeguswa.

Saa nne habari ilishafika sokoni.
Yule akasema ni ramani, rupia za Mjerumani;
huyu akasema ni laana, nisishike.
Mwenyekiti wa mtaa akapigwa picha
amesimama mbele ya maandishi, ameyaziba.

Akaitwa Jamnaben, muuza bizari,
wa mwisho mjini anayejua kuyasoma.
Akavaa miwani juu ya miwani,
kidole ukutani, midomo ikitangulia.
"Si sala," akasema. "Ni michango."
Harji, rupia kumi na moja.
Mjane wa Monji, bangili moja.
Premji, mabati ishirini.
Ameahidi. Hajaleta.

Akacheka peke yake, kisha akaacha.
"Premji ni babu wa baba yangu."
Akatazama juu, palipo wazi, mbingu inapochungulia,
akaniuliza bati la geji thelathini
siku hizi linauzwaje.
Nikamtajia.
Hakuuliza tena.

Chini kabisa, karibu na sakafu,
mstari mmoja unatembea kutoka kulia.
Huo Jamnaben hakuuweza.
Bi Somoe wa chuoni akapiga magoti
kama anayetafuta sindano:
*Mimi Mfaume bin Mchenjele
nimeupaka ukuta huu chokaa.
Siku tatu sijalipwa.
Mungu wao anaona, na wangu anaona.*

Mwenyekiti akakumbuka simu yake.
Mimi nikaosha mwiko
ambao haukuwa na uchafu.

Sasa wamesema atakuja mtaalamu wa mambo ya kale,
nisiguse kitu mpaka afike.
Sijagusa.
Ila kule nyuma, popo wanakonyea,
kuna kiraka changu cha simenti, bado kibichi.
Nimechora jina kwa msumari,
nikafuatisha vijiti, kimoja kwa kila siku:
vinne,
na nafasi nimeacha.