Pasi ya Mkaa

Walukuba ikishanyamaza,
Naigaga hunilaza kifudifudi mkekani
kama shati la mteja.

Bega la kulia ndilo lililonisaliti.
Miaka kumi na tisa limesukuma chuma
juu ya sare za shule, kanzu za kwenda kuposa,
magomesi yenye mabega ya ncha,
suruali za makarani wanaolipa mwisho wa mwezi,
na mwezi wenyewe hauishi.
Bwawa linalowasha nchi
liko dakika ishirini kwa baiskeli;
sisi tunapiga pasi kwa mkaa.

Daktari wa Jinja alinipa vidonge vya njano
na neno moja: pumzika.
Nilimshukuru, nikarudi kazini.

Basi mke wangu huichukua pasi ileile,
yenye jogoo wa shaba kwenye komeo,
humwaga majivu,
huacha makaa mawili matatu yaliyochoka,
yasiyoweza kunyoosha hata kitambaa cha mkono.
Huisogeza karibu na shavu lake
kama anayenong'onezwa siri.
Hukunja blanketi kuukuu mara nne,
hulinyunyizia maji, hulitandika begani,
kisha huiegesha.

Haisukumi. Huiegesha tu.

Kwanza ngozi hushtuka.
Halafu nyama huanza kuamini.
Halafu huko ndani, chini ya kombe la bega,
fundo hulegea, na jingine nyuma yake,
mpaka nasikia mkono wangu umerudi
kama mtu aliyekuwa safarini.

"Hapa?"
"Chini kidogo."
"Hapa?"
Mimi tayari nakoroma.

Usiku wa kwanza hakupima.
Alama ipo bado, ncha ya pasi,
ndogo kama jani changa la chai.
Huicheka: "Nimekupiga muhuri, Tenywa,
hakuna atakayekununua."

Lakini mimi hunyoosha; anayefua ni yeye.
Baridi yote ya mabeseni yale
imehamia kwenye vifundo vya vidole vyake.
Alfajiri huamka navyo vimekunjana,
hawezi kufunga kifungo cha blauzi.
Ndipo nami huchochea sigiri,
hutia chumvi kwenye maji,
huchovya kiwiko changu kama tulivyofanya
tukiwaogesha watoto,
humwambia: lete.

Hukaa hivyo, mikono majini, macho yamefumba.
Kidole gumba hufunguka wa kwanza.
Kile kidogo, chenye ukaidi, huchelewa sana.
Hatusemi kitu.

Maji yakianza kupoa hatuyamwagi.
Tunaloweka soksi za watu.