Pedali ya Kushoto

Kwanza niliusingizia mnyororo.
Nikautia mafuta mpaka yakanitonea kwenye suruali.
Nikalaumu kiti, nikalaumu usukani,
nikailaumu na barabara ya Gongoni, ambayo kwa kweli ina makosa yake.
Sauti ikabaki palepale: nywii, nywii,
kila nikikanyaga kwa mguu wa kushoto,
kilomita thelathini za kwenda, thelathini za kurudi,
kama panya aliyeshonewa ndani ya soli.

Pedali zenyewe ni zile zinazouma kiatu:
unakanyaga, tak, umenaswa;
unapindua kisigino nje, tak, umeachiwa.
Nilizinunua kwa Mwaringa wa mitumba, pamoja na viatu vyake,
namba arobaini na nne. Mie navaa arobaini na moja.
Soksi tatu zikamaliza ubishi.
Wiki ya kwanza nilianguka mara nne,
zote baiskeli ikiwa imesimama.

Jumapili sina zamu. Nikatandika gunia uani,
nikashika spana namba kumi na tano.
Pedali ya kulia hufunguka kama vitu vyote vya dunia;
ya kushoto imezaliwa kinyume,
ukidhani unafungua, unakaza.
Nilijua. Nikasahau.
Ngozi ya kidole ikabaki kwenye meno ya gia.

Kifuniko kikabanduka. Ndani, chumvi.
Chumvi ileile ninayoilinda usiku kucha,
imenifuata Maweni bila kibali,
imekorogana na mchanga wa Sabaki ikawa uji wa kutu.
Getini hupekuliwa mfuko, hupekuliwa kofia;
hakuna aliyewahi kunipekua pedali.

Nati ndogo, kisha koni, kisha gololi
zikamwagika kwenye kifuniko cha sufuria kama mtama.
Kumi na mbili huku. Kule, kumi na moja.
Nikahesabu tena. Kumi na moja.
Kuku wa jirani yetu Nyevu alikuwa karibu mno,
akitazama kwingine, kwa adabu isiyo yake.
Sikumshtaki, sina ushahidi.
Nikaazima moja kwenye baiskeli ya marehemu baba,
iliyoegemea choo tangu mwaka ule.

Mafuta ya taa, mswaki uliostaafu.
Girisi ya manjano, nzito kama samli iliyoganda,
nikaipaka kwa kidole kizima,
nikazipanda gololi moja moja kwa njiti ya kiberiti.
Kisha koni. Ukikaza mno, inasaga;
ukilegeza, inacheza.
Katikati pana nafasi nyembamba kuliko ukucha
ambapo pedali ukiigusa inazunguka yenyewe
na kusimama inapopenda.
Adhana ya adhuhuri ilinikuta bado naitafuta.
Mwisho, tone la nta kwenye chuma cha soli,
maana nacho hulia kikikosa kubembelezwa.

Jumanne alfajiri nikavuka daraja, ukungu umelala mtoni,
nami sisikii kitu.
Matairi tu yakilamba lami.
Nilijivuna peke yangu hadi nyumbani.

Nikasukuma mlango. Mama ameketi kitandani, taa inawaka,
leso mabegani.
"Nani?"
"Mimi, Mama."
"Umeingiaje?"
"Kwa mlango."
"Mwizi ndiye huingia hivyo."

Kumbe miaka miwili amekuwa akinisikia tangu kinu cha unga,
nywii, nywii,
na usingizi wake wa kweli ukianza hapo.

Sikuirudisha chumvi. Girisi ni ghali.
Ila siku hizi nikifika kinu cha unga nakohoa mara mbili,
kikohozi cha baba, kisicho na ugonjwa,
na kupitia dirishani nasikia kitanda kikilia:
anageukia ukutani.
Hicho sitakitia girisi.